Mtoto Aliyerudi Chini

Wauguzi vijana wa kliniki yetu ya mama na mtoto hapa Mpanda waliniaga mwezi uliopita kwa keki, doti ya kanga na maneno mengi mazuri ambayo sikuwahi kuyasikia nikiwa kazini. Kisha wakanidai. Walisema, Mama Tekla, tuandikie mlivyofanya kazi miaka ile, sisi tumekukuta umeshazeeka. Basi naandika. Habari za kupandishwa daraja nitaziacha, kwa sababu zilikuwa chache na zote zilichelewa. Nitaandika habari za miguu ya watoto wachanga, na habari za woga, maana mimi ni mwoga tangu kuzaliwa na kazi hii haikuniponya.

Nilifika Mpanda mwanzoni mwa miaka ya tisini kwa treni kutoka Tabora, nikiwa na sanduku la bati na cheti kipya cha uuguzi. Katavi ilikuwa bado haijawa mkoa. Tulikuwa wilaya tu ndani ya mkoa wa Rukwa, na ukiwaambia watu wa Tabora kwamba umepangiwa Mpanda, walikupa pole. Siku ya kwanza nilikabidhiwa kwa Mama Skolastika, msimamizi wa kliniki, Mfipa mnene mwenye sauti ndogo. Alinitazama kucha, akaniambia nikazikate, ndipo akanisalimia.

Asubuhi ileile alinifundisha kumsoma mtoto kwa mikono. Kadi ya kliniki, alisema, itakwambia uzito, haitakwambia kama mtoto atatembea. Mlaze chali, mvute mikono taratibu, uone kama shingo inafuata. Mkalishe, mwachie kidogo, uangalie mgongo. Mkune unyayo kwa ncha ya kidole, uone kama mguu unakimbia. Mwisho kabisa mshike kwapani, mnyanyue, kisha mshushe polepole mpaka nyayo ziguse meza. Alimshusha mtoto wa mama mmoja aliyekuwa kwenye foleni, na yule mtoto akaisukuma meza kwa miguu yote miwili mpaka magoti yakanyooka.

"Umeona?" Mama Skolastika aliniuliza. "Anakataa. Mtoto ambaye miguu yake inakataa meza, huyo mzima. Ila siku utamshusha mtoto wa umri huu, miguu ikakunjika tu kama kitambaa. Siku hiyo usipige kelele, usimtishe mama yake. Uogope wewe kwanza, kimya kimya, halafu uanze kazi."

Hilo la kuogopa nililiweza bila mafunzo.

Nyie mna jokofu la sola, linalia lenyewe likipata joto. Sisi tulikuwa na jokofu la mafuta ya taa. Kila asubuhi nilipiga magoti sakafuni kama niko kanisani, nikachungulia moto wake. Ukiwa wa bluu, baridi ipo. Ukiwa wa njano unatoa masizi, utambi unataka kukatwa, na ukikata vibaya unaharibu zaidi. Matone ya polio hayapendi joto, na yakifa hayabadiliki rangi wala harufu. Hilo lilinitisha kuliko damu. Ningeweza kumdondoshea mtoto dawa iliyokufa, mama akanishukuru, mimi nikamwambia karibu tena, na sote tukaenda zetu tukidhani tumefanya jambo.

Baada ya miaka michache nilihamishiwa zahanati moja ya Mpimbwe, kati ya Mamba na Kasansa. Nilikwenda juu ya lori lililokuwa linafuata mpunga, tukapita katikati ya hifadhi ya wanyama huku mbung'o wakituuma juu ya nguo. Mume wangu, mwalimu wa shule ya msingi, alinifuata, na hukohuko tukampata binti yetu Neema. Wenyeji ni Wapimbwe, wakulima. Wasukuma nao walikuwa wanazidi kufika na ng'ombe wao kutoka kaskazini, wakijenga mbali na barabara, kila mji na zizi lake. Watoto wao wengine walizaliwa njiani, na chanjo wakaipata nusunusu, leo kijiji hiki, kesho wameshahama.

Msimu mmoja, mpunga ukiwa shambani bado kijani, ilipita homa ya watoto. Haikuwa kali. Mtoto alichemka, akaharisha kidogo, akakataa uji, kisha akapoa. Akina mama walisema ni meno. Na mimi nilitaka sana yawe meno. Lakini wilaya ilikuwa imetuagiza kwamba polio bado inatafutwa, na kwamba mtoto yeyote atakayelegea ghafla baada ya homa tumtolee taarifa haraka, tuchukue choo chake, tukipeleke Mpanda kikiwa kwenye barafu. Tangu siku ile sikulala vizuri. Neema alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kusimama. Nikitoka kazini nilinawa mpaka kwenye viwiko, nikamshika kwapani, nikamshusha mezani. Miguu ikakataa, nikapumua. Mume wangu alisema, "Utamchosha mtoto." Nikamjibu achoke.

Mwenyekiti wa kijiji alitusaidia kutangaza. Alikuwa na sauti kubwa na aliipenda. Mkutanoni alisimama akasema, "Nesi anasema hivi: mwenye mtoto aliyelegea amlete zahanati! Haraka! Bila kuficha!" Watu walitazama chini. Hakuja mtu siku ile wala siku zilizofuata. Nilifurahi, nikaandikia wilaya kwamba kwetu ni shwari. Mwoga hufurahia upesi.

Kulikuwa na binti mmoja wa Kisukuma tuliyemwita Mama Kulwa. Alikuwa na mapacha, Kulwa na Doto, wote wavulana. Alizoea kuja kliniki mmoja yuko mgongoni, mwingine kifuani, na wenzake kwenye benchi wakamsogelea kumpokea. Mapacha wale walikuwa wameshaanza kusimama wakishikilia vitu, na walipotundikwa kwenye mizani, kwenye kile kisuruali cha kupimia, walipiga mateke mpaka mshale ukakataa kutulia. Siku ile alikuja na Doto peke yake.

"Kulwa yuko wapi?" nilimuuliza.

"Kamebaki na bibi yake."

"Mbona hukuja naye? Naye ana matone yake."

"Kamelala, sista."

Kliniki iliyofuata alikuja tena na mmoja. Nikauliza, akajibu tena kwamba kamelala, na safari hii hakunitazama. Mtoto hawezi kulala kutoka kliniki hadi kliniki. Nilimdondoshea Doto matone yake, nikamwacha mama aende, kisha nikaenda nyuma ya zahanati kujaza upepo baiskeli yangu.

Kesho yake asubuhi nilipanda baiskeli, kibebeo cha chanjo nimekifunga kwenye keria, nikaenda kwao. Mama mkwe wake, Bibi Minza, alikuwa amekaa uani akikata viazi vitamu vya kuanika, vile vya michembe. Doto alikuwa karibu yake, ameshikilia kigoda, anatikisika.

"Mwangaluka, mayu," nilimsalimia kwa Kisukuma, nikimwita mama, nikikunja magoti.

"Mwangaluka, mwanangu. Karibu. Habari za huko?"

"Nzuri, mayu. Nimemkosa Kulwa kliniki, nikasema nije nimwone."

Kisu chake kilisimama. "Kamelala."

"Basi nitangoja kaamke."

Hakunifukuza. Nilikaa mkekani, nikachukua kisu kingine, nikaanza kukata viazi naye. Tulikata kiazi baada ya kiazi. Kisha ndani mtoto akalia, kilio cha mtoto aliye macho kabisa.

"Mayu, kanalia."

Aliweka kisu chini. "Sista, nyie mlitangaza, tukasikia. Leteni walegevu, bila kuficha. Sasa nikilete hiki kitoto, si kijiji chote kitajua mkwe wangu amekabemenda? Sisi wageni hapa. Tukishavuna, huyu anarudi kwao Shinyanga, yaishe kimya kimya. Hatutaki kuchekwa."

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini benchi langu lilikuwa tupu. Nyie mliokulia mjini huenda neno kubemenda mmelisikia kwa utani tu. Kule halikuwa utani. Mtoto anayenyonya akidhoofika, akilegea viungo, akichelewa kutembea, ilisemwa wazazi wake wamevunja mwiko: baba ametoka nje, au mama amekutana na mwanamume kabla mtoto hajakomaa. Na kulegea ndilo neno lililotumika kumsema mtoto wa namna hiyo. Sisi tuliposema mwenye mtoto aliyelegea amlete, watu walisikia: mzinzi ajitokeze hadharani. Na mwenyekiti akaongeza bila kuficha.

Mama Kulwa alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, majivu mikononi. "Mimi sijafanya kitu, mayu," alisema. Alisema polepole, kama mtu aliyeshalisema neno hilo mpaka limechoka. Mume wake alikuwa bondeni na ng'ombe, na sikuweza kujua yeye anaamini nini.

Niliomba niletewe mtoto. Kulwa alipotolewa nje alinicheka, maana alinikumbuka. Shingo ilikuwa sawa. Mikono ilikuwa sawa, alinikamata kola ya gauni. Nilimkuna unyayo wa kulia, mguu ukajivuta kidogo, kivivu. Nilimkuna wa kushoto. Uso ulikunjamana, akalia, aliusikia ukucha wangu vizuri kabisa, lakini mguu haukujibu. Ulilala palepale nilipouweka. Nilimshika kwapani nikamshusha kwenye mkeka, na miguu ikakunjika. Niliufuata ushauri wa Mama Skolastika, nikaogopa kimya kimya. Nilifungua shati lake nikatazama kifua kinavyopanda na kushuka, kwa sababu ugonjwa ule unaweza kupanda kutoka miguuni mpaka kwenye pumzi, na kule tulikokuwa hapakuwa na kitu chochote cha kumpumulia mtoto zaidi ya mdomo wangu.

"Alianza na homa?" niliuliza.

"Homa," alisema Mama Kulwa. "Wote wawili. Ka Doto kakapoa. Ka Kulwa kakapoa, halafu asubuhi nakasimamisha kwenye kigoda, kanaanguka. Nakasimamisha, kanaanguka."

Nilimgeukia bibi. "Mayu, Doto ananyonya kwa nani?"

"Si kwa huyuhuyu."

"Kama mama amekabemenda, mbona Doto anasimama?"

Nilidhani nimeshinda. Bibi Minza alimtazama Doto pale kwenye kigoda.

"Doto zamu yake bado," alisema.

Nimesikia maneno mengi katika kazi hii, lakini hakuna yaliyonitisha kama hayo, kwa sababu nilikuwa nawaza vilevile. Walikula sahani moja, walitambaa kwenye vumbi moja, waliogeshwa beseni moja. Nilimwambia ukweli.

"Mayu, hata mimi namwogopa Doto."

"Wewe unaogopa nini? Wewe msomi."

"Naogopa homa nyingine. Huu ni ugonjwa, mayu. Unatoka chooni, unashika mikono, unaingia mdomoni. Haujui nani kalala na nani. Hata mimi nina katoto nyumbani, kanasimama kama haka, na kila siku nakatazama miguu."

"Dawa unayo?"

"Ya kuurudisha mguu sina. Ya kumkinga Doto ninayo, ameshadondoshewa. Sijui kama matone yamewahi."

Sijui kama aliniamini, lakini nadhani aliona kwamba siogopi kwa kuigiza. Alifuta mikono kwenye kanga, akamnyanyua Doto, akamkumbatia kwa nguvu mpaka mtoto akalalamika. Kisha akasema, "Tunaenda wapi?"

Tulikwenda Mpanda na lori la kwanza lililopita, bibi, mkwe, mapacha na mimi. Kabla ya hapo niliwakataza jambo moja, na nyie mlishike: mtoto mwenye homa na miguu mizito asichomwe sindano na watu wa mitaani, wala asichuliwe kwa nguvu. Miaka ile kila homa ilitaka sindano. Choo cha Kulwa kilikuwa kwenye kikopo ndani ya kibebeo, kati ya vipande vya barafu, na mkono wangu ulikuwa kifuani kwa Kulwa. Lori liliharibika katikati ya hifadhi. Dereva aliingia chini ya injini akiimba. Mimi nilikuwa nafikiria barafu inayoyeyuka na pumzi ninayoihesabu, na sikujua kipi kitaisha kwanza. Tembo walipita mbali, abiria wakafurahi kuwaona, na mimi nikawachukia abiria.

Tulifika barafu ikiwa bado inagongana ndani ya boksi. Mama Skolastika alikuwa ameota mvi. Alimsoma Kulwa kwa mikono yake ileile, akamfundisha mama yake kuilaza miguu imenyooka kwa kuzungushiwa kanga zilizokunjwa, na kuikunja na kuikunjua kila siku ili isikaze. Pumzi haikuguswa. Daktari alisema tumshukuru Mungu, nasi tukamshukuru, lakini jioni ileile Doto akapata homa.

Sitaki kuandika sana habari za siku zile. Bibi Minza hakula. Mama Kulwa alinyonyesha mmoja huku anamtazama mwingine. Hakuna aliyemlaumu mwenzake tena, maana lawama zilikuwa zimekosa nafasi. Mimi nilipaswa kurudi kituoni nikaomba nibaki, nikasema nasubiri chanjo. Mama Skolastika alimshika bibi mikono, akamwonyesha: hapa kwapani, mayu, mnyanyue, mshushe pole. Na kila asubuhi tulikusanyika kwenye kitanda kile, wanawake wanne, tukakitazama kitoto kinachochemka kikishushwa kwenye godoro. Miguu ilikataa, lakini kivivu, na hakuna aliyethubutu kusema kivivu.

Asubuhi homa iliposhuka, bibi alimshusha Doto juu ya meza ndogo ya kando ya kitanda, ambapo palikuwa na bakuli la uji. Doto aliisukuma meza kwa miguu yote miwili, akapiga teke, bakuli likaruka, uji ukamwagika hadi kwenye viatu vya nesi wa zamu.

"Kanakataa!" Bibi Minza alipiga kelele wodini. "Sista, kanakataa!"

Kisha alimgeukia mkwe wake akamwambia maneno ya Kisukuma. Mimi ni Mkonongo, sikuyaelewa. Mama Kulwa alijifunika uso kwa kanga akalia mpaka mabega yakatikisika. Baadaye aliniambia: mama mkwe alisema amefuta maneno yake, na kwamba hakuna safari ya Shinyanga.

Majibu ya kile kikopo yalichukua muda mrefu kufika, na yalipofika yalisema ni polio, wala hayakumshangaza yeyote kati yetu. Kulwa alitembea, alichelewa, kwa fimbo aliyochongewa na baba yake. Leo ni fundi wa simu Kibaoni, mguu wa kushoto mwembamba, mdomo mrefu. Doto anaendesha bodaboda na humpakia kaka yake bure, jambo ambalo Kulwa analiita kodi. Neema wangu ni mama wa watoto wawili, na ameshanikataza kuwashusha wajukuu zangu mezani.

Lakini nataka niishie kwenye kliniki ya kwanza baada ya kurudi kutoka Mpanda. Benchi lilikuwa limejaa. Bibi Minza alikuja na mkwe wake na mapacha wote wawili, akakataa kukaa. Alimtoa Kulwa kwenye kanga, akamnyanyua juu, miguu ikining'inia mbele ya watu wote, na mimi nikashikwa na hofu kwamba watacheka.

"Mnakaona?" alisema. "Hakajabemendwa haka. Haka kameugua. Kalikuwa kanasimama, kakapata homa, kakarudi chini. Msiniulize habari za mkwe wangu. Nawauliza nyie: nani ana katoto kalikosimama, halafu kakarudi chini?"

Hakuna aliyecheka. Mizani ilibembea yenyewe kwenye kenchi. Kisha mama mmoja wa Kipimbwe, aliyekuwa amemleta mtoto wake mkubwa peke yake, aliinuka akatoka. Mwingine akatoka. Kule mwisho wa benchi mwingine akamnong'oneza jirani yake, akamwachia mtoto, akatoka mbio. Niliwatazama kwenye njia za mpunga wakienda kila mmoja upande wake. Nilikuwa nimelitafuta swali hilo msimu mzima, na sasa lilipopatikana nilitamani lisingeulizwa.

Walirudi mmoja mmoja, kila mmoja na kitu kifuani kilichofunikwa kanga mpaka kichwani. Nilinawa mikono. Nilitandika kitambaa safi mezani. Wa kwanza alifunua kanga yake, na mtoto wa kike mnene, mwenye macho ya kucheka, akanitazama. Nilimshika kwapani, nikamnyanyua, nikamshusha polepole mpaka nyayo zikagusa meza.

Miguu haikukataa.